Dawa ya virusi ikishafanya kazi, mbona seli bado inatengeneza protini za kirusi?

Mwana wa Seli (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila mara kwa sura mpya, leo nimeona nilifungulie uzi wake. Mtu ana homa ya ini B, anameza tenofovir bila kuruka siku. Akipima wingi wa virusi kwenye damu anaambiwa havionekani. Akipima HBsAg, ile protini ya ganda la kirusi, anaambiwa bado chanya. Mwaka unaofuata ni hivyo hivyo. Anaanza kuwaza: ama dawa ni feki, ama maabara wanabahatisha.

Dawa ni nzima na maabara wamepima sawasawa. Kilichopinda ni ile picha tuliyonayo kichwani kwamba dawa ya virusi ikiingia kwenye seli inazima mtambo wote. Haizimi. Karibu kila dawa ya virusi inashika hatua moja ya kazi ya kirusi, na protini zinazotoka kabla ya hatua hiyo zinaendelea kutoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana nikisikia dawa mpya siulizi kama inaua virusi. Nauliza ni protini ipi itakoma na ipi itaendelea.

Msingi wenyewe ni mfupi. Kirusi hakina ribosomu, ule mtambo wa seli wa kuunga protini. Kinaingia na maelekezo yake, yawe ya DNA au ya RNA, na mwisho wa yote lazima ipatikane RNA ya ujumbe ambayo ribosomu za seli zitaisoma na kuunga protini. Dawa inaweza kuzuia ujumbe huo usiandikwe. Inaweza kuuharibu ukishaandikwa. Au inaiacha protini itengenezwe, halafu inavuruga matumizi yake. Nyingi tunazomeza zinashika mwanzoni au mwishoni. Pale katikati, protini inapoungwa, zimefika chache sana.

Sasa turudi kwenye ini. Jenomu ya kirusi cha homa ya ini B ni ndogo mno, herufi kama 3,200 tu. Ikifika ndani ya kiini cha seli inajifunga kuwa duara la DNA linaloitwa cccDNA, nalo linaweza kukaa humo miaka na miaka. Kimeng'enya cha seli yenyewe kinalisoma duara hilo na kutoa RNA za kirusi. Baadhi ya RNA hizo zinakwenda kwenye ribosomu na kuwa protini za ganda. Moja ndefu inapakiwa ndani ya kifuko cha protini, na humo kirusi kinaigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya chake. Tenofovir, entecavir na lamivudine zote zinakamata hapo, kwenye kugeuza RNA kuwa DNA. DNA mpya haitoki, damu inasafika, ini linapumua. Lakini cccDNA haijaguswa. RNA zinaendelea kuandikwa, ribosomu zinaendelea kusoma, na HBsAg inaendelea kumwagwa kwenye damu.

Ongeza na hili: hata pasipo dawa yoyote, kirusi hiki humwaga maganda matupu yasiyo na DNA ndani, mara elfu moja hadi laki moja zaidi ya virusi kamili. Na vipande vya DNA yake vilivyojipachika kwenye kromosomu za seli vinaweza kutoa HBsAg bila kuhitaji cccDNA. Vipimo viwili vinaweza kupishana miaka yote na vyote vikawa vinasema kweli.

Karibuni. Wa maabara mjitokeze, maana mimi nasoma zaidi ya ninavyoshika vifaa.

---

Chiriku

Siti ya mbele nimeshakamata. Swali la mtu wa kawaida: kama virusi vyote vinategemea ribosomu, kwa nini wasitengeneze dawa ya kuzima ribosomu tukamaliza kazi? Antibiotiki si zinafanya hivyo kwa bakteria?

---

Mwana wa Seli

Zinafanya, kwa sababu bakteria wana ribosomu zao wenyewe, na umbo lake ni tofauti na la zetu. Tetrasaiklini au erithromaisini inazishika za bakteria na kuziacha zako. Kirusi kinatumia zako. Ukizizima umezima za seli yako vilevile.

Dawa za namna hiyo zipo. Sikloheksimidi, inayotokana na bakteria wa udongo Streptomyces griseus, inasimamisha uungaji wa protini zote bila kuchagua. Maabara inatumika sana, lakini hakuna daktari atakayekuandikia uinywe.

Kuna waliojaribu kupita katikati. Plitidepsin inashika eEF1A, protini ya seli inayozifikisha amino asidi kwenye ribosomu. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba inakizuia kirusi cha UVIKO-19 kwa nguvu kubwa kwenye seli na kwenye panya. Mvuto wake ni kwamba shabaha ni ya seli, kwa hiyo kirusi kinapata tabu kujibadilisha ili kiikwepe. Hofu yake ni hiyo hiyo: shabaha ni ya kwako.

Mwili nao una njia yake ya kufunga ribosomu, interferoni, iliyogunduliwa na Alick Isaacs na Jean Lindenmann mwaka 1957. Seli iliyopata taarifa ya interferoni hujiwekea akiba ya protini iitwayo PKR. PKR ikinusa RNA ya nyuzi mbili, ambayo mara nyingi ni alama ya kirusi, inatia fosfeti kwenye eIF2 alfa, protini ya kuanzishia usomaji, na ribosomu zinashindwa kuanza kusoma ujumbe wowote. Seli inakubali kufunga kazi zake yenyewe ili mgeni naye asifanye.

Virusi navyo havikulala. Herpesi ina protini iitwayo ICP34.5 inayosababisha fosfeti hiyo iondolewe. Polio ndiyo yenye jeuri zaidi: inakata eIF4G, kiungo ambacho ujumbe wa seli unakihitaji ili usomwe, halafu ujumbe wake yenyewe unaingia kwenye ribosomu kwa mlango mwingine. Seli inanyamaza, kirusi kinasikika peke yake.

---

Bi Maabara

Mtoa mada umeanza na ini, mimi nilete herpesi, maana huko jambo hili linaonekana kwa macho.

Mwaka 1974 Robert Honess na Bernard Roizman walionyesha kwamba protini za herpesi simpleksi hazitoki zote kwa mkupuo. Zinatoka kwa zamu tatu: alfa, beta na gama. Kirusi kinaingia kikiwa kimebeba protini yake VP16, nayo ndiyo inayowasha jeni za alfa, kama ICP4, ICP0 na ICP27. Hizo zikishapatikana zinafungulia beta, ambazo ni vyombo vya kunakili DNA: thimidini kinasi (kimeng'enya cha kutia fosfeti), polimerasi ya DNA, ICP8 na wenzake. DNA ikishaanza kunakiliwa ndipo gama zinatoka kwa wingi, protini za ganda na za utando.

Ukichungulia kwa karibu, gama nazo ni makundi mawili. Zipo kama VP5 na gD zinazotoka kidogo hata kabla ya DNA kunakiliwa, kisha zinaongezeka. Na zipo kama gC na US11 ambazo bila DNA mpya karibu hazionekani kabisa. Kaeni na hili kundi la mwisho.

Sasa tia aciclovir, dawa ya herpesi. Ni dawa iliyotoka kwenye kundi la utafiti la Gertrude Elion, aliyepata Nobel mwaka 1988 pamoja na George Hitchings na James Black. Kwenye seli isiyo na kirusi haina la kufanya, kwa kuwa kinasi zetu karibu haziitambui. Kwenye seli yenye kirusi, thimidini kinasi ya kirusi inaitia fosfeti ya kwanza, vimeng'enya vya seli vinamalizia mbili zilizobaki, halafu polimerasi ya kirusi inaichukua ikidhani ni herufi G ya kawaida. Ikishaiunga kwenye mnyororo, mnyororo haurefuki tena, kwa sababu dawa hii haina ile pembe ya kushikia herufi inayofuata.

Ninachokipenda hapa ni kwamba dawa inahitaji protini ya kirusi itengenezwe kwanza ndipo iamke. Ingekuwa inazima protini zote, ingejizima yenyewe.

Ukizitenganisha protini za seli hizo kwenye jeli na kuzitambua kwa kingamwili, yaani ukifanya bloti, unaona hivi: ICP4 ipo. ICP8 ipo, na inakawia kushuka kuliko kawaida kwa sababu kirusi kimekwama kwenye zamu ya pili. VP5 ni hafifu. gC haipo. Mtu asiyejua zamu akiangalia mstari wa ICP4 peke yake ataandika kwamba dawa imeshindwa. Akiangalia gC peke yake ataandika kwamba dawa inazuia utengenezaji wa protini. Wote wawili wamesoma bloti moja.

---

Mbishi Asilia

Bi Maabara maelezo matamu, ila naona mnatupamba. Seli imekunywa aciclovir, bado ina ICP4, bado ina polimerasi, bado ina makumi ya protini za kirusi. Sasa faida ni nini? Seli si inakufa vilevile?

---

Bi Maabara

Seli hiyo mara nyingi inakufa, ndiyo. Protini za zamu ya kwanza pekee zinatosha kuiharibu, ICP0 na ICP27 hazina adabu kabisa. Faida iko kwa jirani. Bila DNA mpya na bila protini za mwisho, hakuna kirusi kamili kinachotoka kwenda kuambukiza seli inayofuata. Dawa hii inakata msafara, haiokoi kila aliyekwishavamiwa. Ndiyo sababu ukichelewa kuianza wakati vipele vimeshajaa maji huoni muujiza.

Na usisahau kwamba protini zilizobaki si hasara tupu. Seli hukatakata sampuli za protini zake na kuzionyesha nje, na chembe za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa huzitambua hapo. Lakini hapa herpesi inacheza faulo: mojawapo ya protini zake za alfa, ICP47, kazi yake ni kuziba njia hiyo ya maonyesho. Kwa kuwa ni ya alfa, aciclovir haiigusi.

Kuna upande mwingine watu hawaufikirii. Herpesi ikishalala kwenye seli za neva inatoa RNA chache na karibu haina protini yoyote. Hakuna thimidini kinasi, hakuna polimerasi inayofanya kazi. Aciclovir haina wa kuiamsha wala pa kushika. Kwa hiyo kirusi kilichonyamaza kabisa ndicho kilicho salama zaidi mbele ya dawa.

---

Dada Nuru

Hiyo ya mwisho imenigusa kwa upande wa ARV. Mtu ambaye virusi havionekani kwa miaka, seli zake zile zenye VVU zinatengeneza protini au hazitengenezi? Na hizo ARV zinazuia hapo au la?

---

Mwana wa Seli

Dada Nuru, nyingi hazizuii hapo hata kidogo, na bado zinafanya kazi kubwa.

Zidovudine ya mwaka 1987, tenofovir, lamivudine, efavirenz: zote zinazuia RNA ya VVU isigeuzwe DNA. Raltegravir na dolutegravir zinazuia DNA hiyo isipachikwe kwenye kromosomu. Zote zinailinda seli ambayo bado haijapachikwa. Seli ambayo tayari ina DNA ya VVU, ukiimwagia dolutegravir kiasi chochote itaendelea kuandika RNA na kutengeneza protini iitwayo Gag. Wingi wa virusi unashuka haraka kwa sababu seli zinazozalisha kwa nguvu hazidumu, nusu yake hutoweka ndani ya siku moja hadi mbili, na sasa hakuna mpya za kuziba pengo. Zinazobaki ni chache zilizolala, na baadhi yake huvujisha RNA na protini kidogo kidogo hata mtu akiwa kwenye dawa. Hakuna ARV iliyoko hospitalini leo inayoifunga bomba hiyo. Kuna kemikali ya majaribio, didehidro-kotistatini A, inayoishika Tat, protini ambayo VVU wanaitumia kuwasha uandishi wa RNA zao. Hiyo bado ni ya maabara.

Halafu kuna kundi ambalo kwa uzi huu ndilo lenye utamu: vizuizi vya protiasi, yaani kimeng'enya cha kukata protini, kuanzia saquinavir ya 1995 hadi darunavir ya leo. Hapa protini zinatengenezwa ZOTE. Ribosomu inaunga Gag ikiwa mnyororo mmoja wa uzito wa kilodaltoni 55, uitwao p55. Mara moja kati ya kama 20 inateleza herufi moja nyuma na kuendelea mbele, ikitoa mnyororo mrefu zaidi, Gag-Pol, wenye vimeng'enya ndani yake. Minyororo hiyo inajipanga chini ya utando, kirusi kinachomoza na kutoka. Ni wakati huo protiasi inapaswa kuikata minyororo: p17 ikae chini ya utando, p24 ijenge kibweta cha ndani, p7 ishike RNA. Ukiweka darunavir hakuna anayekata. Ni kitambaa kizima bila mkasi, hakivaliki. Kirusi kinatoka, ukikipima protini zimo, lakini hakiwezi kuambukiza.

Kwenye bloti utaona p55 imejaa na p24 imekauka. Jumla ya protini ya kirusi haijapungua. Umbo lake ndilo limeharibika.

---

Kiroboto

Naweka kambi hapa. Na UVIKO je? Ile Paxlovid nayo ni ya kukata?

---

Mwana wa Seli

Ni ya kuzuia kukata, ila matokeo yake ni tofauti na ya VVU, na tofauti hiyo inafundisha.

Jenomu ya kirusi cha UVIKO-19 ni RNA ya herufi kama 30,000, na ikishaingia ribosomu zinaisoma papo hapo. Kinachotoka kwanza ni minyororo miwili mirefu, pp1a na pp1ab, ambayo ikikatwa inatoa protini 16 za kazi, zikiwemo zile za kunakili RNA. Protiasi kuu ya kirusi ndiyo inayokata sehemu 11. Nirmatrelvir, dawa yenyewe ndani ya Paxlovid, inaishika hiyo. Ritonavir iliyofungwa nayo haimshughulikii kirusi, inalizuia ini lisiivunje nirmatrelvir haraka. (Ritonavir yenyewe ilianza maisha kama dawa ya VVU, sasa imekuwa msindikizaji.)

Kwa VVU kukata kunafanyika mwishoni, kirusi kikiwa kinatoka. Kwa UVIKO kunafanyika mwanzoni. Protini za miiba na ile ya N, ambayo vipimo vingi vya haraka vinaitafuta, hazitoki kwenye minyororo hiyo kabisa. Zinatoka kwenye RNA fupi fupi zinazoandikwa baadaye na mtambo wa kunakili. Mtambo usipokamilika, RNA fupi haziandikwi, na N na miiba hazitengenezwi. Kwa hiyo nirmatrelvir ikifika mapema inazima protini ambazo yenyewe haizigusi. Ikifika seli imeshajaa RNA fupi, N itaendelea kutoka. Ushauri wa kuianza ndani ya siku 5 tangu dalili zianze unaendana na hilo.

Protiasi ya kirusi cha homa ya ini C nayo hukata mapema. Mnyororo mmoja wa amino asidi kama 3,000, protini 10 ndani yake, na protiasi iitwayo NS3/4A. Ujanja wa protiasi hii ni kwamba pamoja na kukata mnyororo wa kirusi inakata pia MAVS, protini ya seli inayopiga kengele ya interferoni. Ukiizuia umepiga ndege wawili. Na kwa kuwa kirusi hicho hakiachi DNA popote kwenye seli, ukikizuia wiki 8 hadi 12 kwa dawa za mchanganyiko kinakwisha kabisa kwa zaidi ya watu 95 kati ya 100. Wenye homa ya ini B wangeipata hiyo wangeshangilia.

---

Mbishi Asilia

Sawa, nimekubali nusu. Lakini kichwa cha uzi kinasema protini. Mmetuzungusha kwa dawa zinazokata mbele na nyuma. Nitajieni inayoshika ujumbe wenyewe, ili ribosomu ikose cha kusoma. Na huyo wa HBsAg, kama protini haikomi, kwa nini aendelee kumeza?

---

Mwana wa Seli

Nianze na la pili kwa sababu lina hatari. ASIACHE. DNA ya kirusi isipotengenezwa, ini halishambuliwi kwa kasi ile, na hatari ya ini kusinyaa na ya saratani inapungua. Akiacha kiholela, cccDNA ipo pale pale inasubiri, na mlipuko unaofuata unaweza kuliangusha ini kabisa. Wapo ambao madaktari huwasimamishia kwa mpango na kuwapima kwa karibu, lakini huo ni uamuzi wa kliniki.

La kwanza. Mfano safi ni mafua. Oseltamivir inashika neuraminidasi, kimeng'enya cha kukiachisha kirusi kipya kutoka kwenye uso wa seli. Ndani ya seli protini zote zinatengenezwa, virusi vinaundwa, halafu vinabaki vimenata mlangoni. Baloxavir, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, inafanya kinyume. Kirusi cha mafua hakiwezi kujitengenezea kile kifuniko cha mwanzo wa ujumbe ambacho ribosomu inakidai, kwa hiyo kinaiba: kinakata ncha za RNA za seli, herufi 10 hadi 13, na kuzitumia kuanzishia RNA zake. Anayekata ni kimeng'enya PA, na ndiye baloxavir inamfunga. Bila kifuniko cha wizi hakuna ujumbe, bila ujumbe hakuna protini. Kirusi nacho kina jibu lake, badiliko liitwalo I38T kwenye PA linalopunguza nguvu ya dawa.

Inayogusa ujumbe ulioandikwa tayari ni fomivirsen, ya 1998, dawa ya kwanza ya aina yake kuidhinishwa. Ni uzi mfupi wa herufi 21 uliotengenezwa ili ujibandike kwenye RNA ya CMV (sitomegalovirusi, kirusi cha jamii ya herpesi) inayotoa protini za mwanzo kabisa. Ilichomwa ndani ya jicho kwa watu wenye UKIMWI ambao CMV ilikuwa inawapofusha. Mchanganyiko wa ARV ulipoenea ugonjwa huo ukapungua sana, na soko la dawa likafa. Nadhani ni mojawapo ya dawa zilizofikiriwa vizuri kuliko umri zilioishi.

Wazo hilo ndilo limerudi sasa kwa homa ya ini B. Bepirovirsen inajibandika kwenye RNA za kirusi na kuzifanya zikatwe, HBsAg inashuka. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2022, kwa waliochomwa dozi ya juu kwa wiki 24, karibu mtu 1 kati ya 10 alibaki bila HBsAg na bila DNA ya kirusi hata wiki 24 baada ya kuacha sindano. Watu 9 kati ya 10 hawakufika huko, tusiwauzie watu ndoto. Lakini ukilinganisha na uchache wa wanaopoteza HBsAg kwa vidonge peke yake, ni hatua.

---

Mwanachuo wa Mwisho

Shukrani wakuu. Mimi niko na mradi, nina kirusi kilichowekewa jeni ya protini ya kung'aa kijani. Nikiweka dutu ninayoichunguza, mwanga unashuka sana. Naweza kuandika kwamba inazuia utengenezaji wa protini za kirusi?

---

Bi Maabara

Bado, mdogo wangu. Kwanza niambie seli zako zina hali gani. Seli inayokufa haing'ai, na sumu yoyote itakupa grafu nzuri. Pima uhai wa seli kwenye dozi zile zile, na seli zisizo na kirusi ziwepo. Dozi inayozuia nusu ya mwanga ikikaribiana na dozi inayoua nusu ya seli, huna dawa, una sumu.

Pili, jeni yako ya kijani imewekwa chini ya kiwashio kipi, yaani kipande cha DNA kinachoamua iwake lini? Kama ni cha zamu ya kwanza, aciclovir haitashusha mwanga wake kwenye seli zilizoambukizwa tangu mwanzo, utaikataa dawa ambayo dunia nzima inaitumia. Kama ni cha zamu ya mwisho, chochote kinachozuia DNA kitakupa giza, na hutajua ni hatua gani. Na ikiwa ni kiwashio cha kuazima kisichofuata zamu za kirusi, mwanga wake haukuambii habari za zamu hata kidogo.

Tatu, cheza na muda. Weka dutu saa moja kabla ya kirusi, halafu sahani nyingine saa 2 baadaye, nyingine saa 6, nyingine saa 10. Inayoshika mlangoni itashindwa mapema. Inayoshika mwishoni itafanya kazi hata ukichelewa. Kisha pima RNA na protini kwenye sahani hizo hizo. RNA ipo na protini haipo, ndipo nitakusikiliza ukisema umegusa ribosomu au njia ya kuifikia. Vyote viwili vimeshuka, tatizo liko juu zaidi.

Na badilisha aina ya seli. Klorokwini iliwavutia watu mwaka 2020 kwa sababu ilizuia kirusi cha UVIKO kwenye seli za figo za nyani, lakini kwenye seli za mapafu ya binadamu ikashindwa, kwa kuwa huko kirusi kina njia nyingine ya kuingilia.

---

Mwanachuo wa Mwisho

Kiwashio ni cha mwisho, na kirusi ni CMV. Nilikuwa nilinganishe na ganciclovir na letermovir, dawa za CMV zinazojulikana, kama vidhibiti. Letermovir mwanga haukushuka kabisa. Nikadhani imeharibika.

---

Bi Maabara

Haijaharibika, imekufanyia inavyotakiwa. Ganciclovir inazuia DNA, kwa hiyo protini za mwisho kama pp28 zinakosekana na mwanga wako unazimika. Letermovir, iliyoidhinishwa mwaka 2017 kwa kuwakinga waliopandikizwa uboho, inashika kimeng'enya kinachokata DNA ndefu vipande vya jenomu moja moja na kuvisukuma ndani ya ganda. Wakati huo DNA imeshanakiliwa na protini za zamu zote zimeshatoka. Unachokosa ni kirusi kilichojazwa tu.

Kwa hiyo kwenye sahani hiyo usipime mwanga. Chukua maji ya juu ya seli, yaweke kwenye seli mpya, uone kama zinaambukizwa. Na ukienda wodini kumbuka hilo hilo: mgonjwa wa letermovir anaweza kuonyesha DNA kidogo ya CMV kwenye damu bila kuwa na kirusi hai, kwa hiyo ikitokea, rudia kipimo uone kama inapanda kabla ya kubadilisha dawa.